Mbwa wa msaada wasizuiwe mlangoni

Mhariri,

Naishi Columbus, Ohio, Marekani. Ajali ya gari ilininyang'anya mume na mguu wa kulia. Sikuona sababu ya kuamka asubuhi, hadi nilipojitolea kufundisha mbwa wanaosaidia watu wenye ulemavu. Kuokota funguo ndiyo kazi ngumu: mbwa wengi hawapendi chuma mdomoni, hivyo naanza kwa kuzifunga kitambaa, kisha nakipunguza kidogo kidogo. Mwanafunzi wangu wa kwanza aliponiwekea funguo mapajani, nililia.

Juzi mwanamke anayetumia kiti cha magurudumu, niliyemfundishia mbwa, alizuiwa kuingia naye katika mgahawa wa Waswahili wenzetu. Najua wengi tumelelewa kujitenga na mbwa kwa ajili ya twahara, nami naliheshimu hilo. Lakini sheria ya Marekani ya mwaka 1990 kuhusu watu wenye ulemavu inamruhusu mwanamke huyo aingie na mbwa wake. Mwenye mgahawa anaweza kuuliza tu kama mbwa anahitajika kwa sababu ya ulemavu, na amefundishwa kazi gani.

Nawaomba mashehe na viongozi wa jumuiya zetu watupe mwongozo kuhusu mbwa hawa kupitia gazeti hili. Nanyi wenye migahawa, tujibuni.

Msomaji wenu,
Columbus, Ohio