Kiwanja kinauzwa, sisi tutacheza wapi?

Leo nina hasira na neno moja tu: kiwanja.

Sisi wa DUCE hapa Chang'ombe majirani zetu ni viwanja. Kuna Mkapa, uliofunguliwa 2007 na kuitwa Taifa mpaka 2020, unaingiza watu 60,000. Pembeni yake Uhuru, ilikopandishwa bendera ya Tanganyika Desemba 9, 1961. Sogea kidogo, viwanja vya Sabasaba. Ndege nazo zina uwanja wao. Na mshikaji akikuuliza Ijumaa jioni "leo kiwanja gani?" ujue anaongelea baa.

Neno moja, kazi kibao. Sina ugomvi na hilo. Wagiriki wa kale nao walikuwa na neno lao, stadion. Lilikuwa kipimo cha umbali, futi 600. Lilikuwa pia jina la mbio za umbali huo, na mahali pa kukimbilia. Pale Olympia ni kama mita 192. Ndiko Waingereza walikopata "stadium" yao. Yaani wale jamaa hata umbali waliupima kwa neno la mahali pa kukimbilia!

Sisi je? Sisi tunapima uwanja ili tuuze. Soma vibao vya Mbagala mpaka Bunju: "Kiwanja kinauzwa, 20 kwa 20." Hebu tupige hesabu. Uwanja kamili wa mpira ni mita 105 kwa 68, sawa na mita za mraba 7,140. Kiwanja cha 20 kwa 20 ni 400. Kwa hiyo uwanja mmoja wa ndondo unatoa viwanja 17 vya kuuza, na chenji inabaki. Hapo dalali atakuachia kweli?

Nilipokuwa BTP kwenye shule moja huku Temeke, kipindi cha michezo tulikifanyia chini ya mwembe. Uwanja ulishamegwa, umebaki ukuta wa mtu. Watoto wanapigia chenga barabarani, bodaboda zinapita katikati.

Najua mtasema watu wanahitaji pa kulala. Kweli kabisa, hata mimi nimepanga chumba. Lakini mtaa si vyumba tu. Mwaka 2023 tulishangilia kupewa AFCON ya 2027 pamoja na Kenya na Uganda. Jamani, hao wachezaji wa kesho tunawatoa wapi? Viti 60,000 ni vya kukalia. Anayekaa hajifunzi kupiga mpira.

Hoja yangu ni fupi. Kila serikali ya mtaa, Kinondoni, Temeke na kwingine, iorodheshe viwanja vya kuchezea vilivyobaki, iviwekee mipaka na kibao: HAKIUZWI. Na sisi walimu watarajiwa, ukipangiwa shule, siku ya kwanza uliza hati ya uwanja kabla hujauliza nyumba ya mwalimu. Tukinyamaza, neno kiwanja litabaki na maana mbili tu: cha kuuza na cha kunywea.

Naomba kuwasilisha.