Tunalipia vipuri, hatulipii akili

Najua nimekuwa kimya kwa majuma matatu, kazi ilinibana. Niliahidi sehemu ya pili ya makala ya hifadhidata na itakuja, lakini si leo. Leo nina hasira na kitu kingine kabisa: kabureta. Nyinyi mliokuja kusoma habari za programu msikimbie. Nitawafikia kabla sijamaliza, tena nitawafikia vibaya.

Baba yangu ana pikapu aina ya Datsun 1200. Injini ni ile ndogo ya A12, sentimita za ujazo 1171, na kabureta ya Hitachi juu yake. Limenizidi umri kwa miaka mingi. Ndilo lililonilipia karo ya chuo kikuu, kreti moja ya nyanya baada ya nyingine, kutoka shambani karibu na Mai Mahiu hadi soko la Marikiti jijini Nairobi. Kwa hiyo mtu akiliita mkebe mbele yangu, tunakosana.

Mwishoni mwa mwaka jana gari lilianza tabia. Asubuhi linawaka mara moja, linanguruma vizuri, linatoka shambani bila shida. Likianza kupanda ule mwinuko wa kwenda Limuru, likishapita kanisa dogo lililojengwa na wafungwa wa kivita wa Kiitalia mwaka 1942, linakosa nguvu, linakohoa, linazima. Kama unaijua barabara ile, unajua maana yake. Malori nyuma, malori mbele, mlima upande huu na bonde upande ule. Baba anaweka mawe nyuma ya magurudumu, anakata matawi ya kuonya madereva, anangoja. Baada ya dakika kama 15 anajaribu tena. Linawaka kana kwamba hakuna lililotokea!

Fundi wa kwanza alisema ni plagi. Zikanunuliwa nne mpya. Siku ya soko iliyofuata, likazima palepale. Fundi wa pili akasema ni koili. Ikanunuliwa. Likazima. Halafu ikaja ile hukumu ambayo kila mwenye gari kuukuu ameisikia: "Mzee, kabureta imekufa. Nunua mpya."

Shilingi 9,500. Nani alizituma? Ni mimi. Mimi mwenye digrii ya sayansi ya kompyuta, ninayelipwa kila mwezi kutafuta makosa katika programu za watu, nilituma pesa kwa M-Pesa bila kuuliza swali hata moja. Kabureta ya zamani, ile halisi ya Hitachi, ilibaki kwa fundi. Iliyofungwa ni nakala inayong'aa. Na gari? Likaendelea kuzima palepale, ila sasa linatoa moshi mweusi na kunywa petroli kama ng'ombe aliyetoka kiangazini. Siku moja Baba alifika Marikiti saa nne na nyanya zimeanza kulainika, akauza kwa bei ya kutupa. Jioni ile alinipigia simu kuniambia amezungumza na mnunuzi wa vyuma chakavu.

Hapo ndipo nilipopanda matatu kwenda nyumbani.

Sikuchukua spana. Nilichukua swali. "Baba, linazima kila siku?"

"Hapana, kijana wangu. Siku za soko tu."

"Siku za soko unafanya nini ambacho hufanyi siku nyingine?"

Akafikiri. "Napakia. Na najaza tangi."

Jamani! Miezi minne, mafundi wawili, shilingi zaidi ya elfu 15, na hakuna aliyemwuliza mzee huyu swali hilo. Ananunua petroli kidogo kidogo siku nyingine zote, ila siku ya soko anajaza hadi juu.

Kesho yake tulipakia, tukajaza tangi, tukapanda. Likazima. Badala ya kuliwasha upya nilifungua boneti papo hapo. Kabureta hizi za Hitachi zina kidirisha kidogo cha kioo ubavuni, chenye alama ya kuonyesha petroli ndani ya bakuli inapaswa kufika wapi. Nikamulika kwa tochi ya simu. Bakuli lilikuwa karibu tupu.

Hebu fikiria maana yake. Kama bakuli ni tupu, huna haja ya kuzungumza tena habari za plagi wala koili. Tena kabureta yenyewe haiwezi kulaumiwa mpaka uthibitishe kwamba inaletewa petroli. Mtu hawezi kupika ugali bila unga halafu ukamlaumu kwa sufuria. Nusu ya gari imeondolewa kwenye mashtaka kwa kutazama kioo kimoja, bure.

Nikaenda kwenye tangi, nikafungua mfuniko. Psssss! Tangi likavuta pumzi kama mtu aliyezibwa pua. Tukaufunga mfuniko bila kuukaza, tukawasha, tukafika Limuru bila kukohoa.

Mfuniko wa gari hili una kitundu cha kuingiza hewa. Petroli ikitoka kwenye tangi, lazima hewa iingie kuchukua nafasi yake. Isipoingia, tangi linavuta petroli nyuma huku pampu ikiivuta mbele, na pampu ndogo ya mitambo inashindwa. Sasa nikaugeuza ule mfuniko. Ndani yake mtu alikuwa amekata kipande cha tyubu ya tairi akakibandika kiwe kizuizi cha harufu ya petroli. Kikafunika kitundu chote. Dawa ilikuwa wembe na dakika mbili.

Na tangi lililojaa? Likijaa, nafasi ya hewa iliyo juu ya petroli ni ndogo, kwa hiyo lita chache tu zikitoka mvuto unakuwa mkali. Likiwa nusu, hewa ni nyingi na mvuto unachelewa. Ongeza mzigo na mwinuko, injini inataka petroli nyingi wakati uleule inaponyimwa. Kila dalili ilikuwa imesimama barabarani inatupungia mkono.

Lakini kinachoniuma hasa ni zile dakika 15. Gari likisimama, hewa inapenya taratibu kwenye tangi, mvuto unaisha, bakuli linajaa. Maana yake, chochote utakachofanya kwa dakika 15 kitalitengeneza gari! Fungua plagi uzipanguse, linawaka. Gonga kabureta kwa spana, linawaka. Omba dua, linawaka. Kila fundi alikuwa na ushahidi kwamba dawa yake imefanya kazi, na kila mmoja alikuwa anasema kweli kwa jinsi alivyoona. Muda ndio ulikuwa fundi, wengine walichukua sifa.

Sasa najua wengi mnasubiri niwatukane mafundi wa jua kali. Sitafanya hivyo. Nitatutukana sisi.

Jiulize. Fundi akipanda gari nawe hadi Limuru, akatazama kioo, akafungua mfuniko, akakata kipande cha mpira kwa wembe, kisha akakuambia "nipe elfu moja mia tano," utampa? Utamwita mwizi! Utasema "kwani umefanya nini?" Lakini akikuletea kitu kinachong'aa ndani ya kasha, unatoa 9,500 na soda juu. Fundi si mjinga. Anajua hatulipii kutambua ugonjwa, tunalipia vipuri. Basi anatuuzia vipuri. Tumemfundisha wenyewe, halafu tunamlaumu kwa kujifunza.

Na yeyote mwenye gari kuukuu anaweza kuanza kazi hii mwenyewe. Utaratibu wangu ni huu:

1. Linapozima, usihangaike na ufunguo. Ushahidi uko pale wakati huo tu. Ukiacha injini ipoe kwa nusu saa, umeufuta.

2. Injini ikiwa imezimwa, tazama kioo cha bakuli. Kama hakuna kioo, toa chombo cha hewa, tazama kwenye koo la kabureta, vuta mkono wa mafuta. Petroli ikiruka kwa nguvu, bakuli lina kitu, nenda katafute upande wa umeme. Pakiwa pakavu, rudi nyuma kuelekea tangi.

3. Fungua mfuniko wa tangi usikilize. Ni bure.

4. Zima, chomoa mpira unaoingia kwenye kabureta, uelekeze kwenye chupa, chomoa waya wa koili ili kusiwe na cheche, kisha mtu azungushe stata. Petroli itoke kwa mapigo yenye nguvu. Ikitoka kama machozi, tazama chujio, pampu, na mipira. Na kumbuka hili: mpira uliopasuka kati ya tangi na pampu unaweza usidondoshe hata tone. Pale pampu inavuta, kwa hiyo ufa unaingiza hewa badala ya kutoa petroli. Wengi wametafuta unyevu wakaacha mpira mbovu mahali pake.

5. Kama petroli ni nyingi mno, moshi mweusi na plagi zenye masizi makavu, shida ni kinyume. Toa floti uitikise sikioni. Ukisikia maji ndani, imetoboka na haielei tena. Au sindano inayofunga petroli ina uchafu. Ile nakala yetu ya 9,500 ilikuwa na floti iliyopangwa juu ya alama. Tena huku Limuru, zaidi ya mita 2,200 juu ya bahari, hewa ni pungufu kwa karibu moja kwa tano ukilinganisha na Mombasa. Kabureta iliyopangwa kwa hewa ya pwani lazima imwage petroli kupita kiasi huku juu.

6. Badilisha kitu kimoja, jaribu, andika. Usibadilishe vitatu kwa mpigo.

Na tafadhali, usimruhusu mtu kumwaga petroli kutoka kwenye chupa kwenye koo la kabureta huku mwingine anazungusha stata. Injini ikirudisha moto, chupa iko mkononi mwa mtu.

Kuna atakayeniambia nunua gari la kisasa, uchomeke kifaa, kompyuta ikuambie. Marekani ililazimisha mfumo wa OBD-II kwenye magari mapya madogo tangu 1996, nami nina kifaa chake mezani. Ni kizuri. Lakini kikisoma P0171, kinasema tu kwamba mchanganyiko una petroli pungufu kuliko hewa. Hakisemi kwa nini. Watu wangapi wakiiona namba hiyo hukimbia kununua sensa ya oksijeni, wakati sensa ndiyo iliyosema ukweli? Kununua bila kutambua kumehamia tu kwenye gari ghali zaidi.

Niliahidi kuwafikia watu wa programu. Haya. Seva ikilala usiku, unaiwasha upya, inaamka, unarudi kulala. Umejuaje ni wewe uliyeiponya? Tovuti ikiwa nzito unaongeza kumbukumbu, ukishindwa unasema mfumo wote ni mbovu, tuuandike upya. Mteja anakubali kulipa mamilioni kwa mfumo mpya, ila ukimwomba siku tatu za kutafuta chanzo anauliza "kwani utanionyesha nini?" Hatuna tofauti na yule aliyesema kabureta imekufa. Yeye angalau ana mafuta mikononi.

Mimi nimeamua. Kuanzia mwezi huu, kwenye ankara zangu kuna mstari wa kwanza unaoitwa "kutafuta chanzo," na una bei. Asiyeutaka aende kwa wauza makasha. Na yule fundi wa pili nilimrudia, nikamlipa 1,500 anifundishe kupanga floti vizuri, kwa sababu mikono yake inajua kazi hiyo kuliko yangu. Alishangaa sana. Alisema hajawahi kulipwa kwa kueleza. Kabureta ya Hitachi bado alikuwa nayo, chini ya benchi. Tumeirudisha.

Mnunuzi wa vyuma chakavu alipiga simu Jumapili. Baba alimwambia gari limeenda sokoni.

Mnaopinga, uwanja ni wenu. Sehemu ya pili ya hifadhidata wiki ijayo, Mungu akipenda.