Safari ya Kumfuata Mtoto wa Kulea: Na Huyu Mdogo Tuliye Naye?



Juma hili tunazungumzia safari ambayo familia nyingi za Kiislamu zenye asili ya Pakistan, zinazoishi Uingereza, Marekani na Kanada, zimekuwa zikiifanya kwa miaka mingi: safari ya kwenda Karachi au Lahore kumchukua mtoto mchanga asiye na mlezi. Baadhi yao hawana mtoto kabisa. Wengine tayari wana mmoja wa miaka mitatu au minne, kisha uzazi ukasita. Hawa wa pili wana swali ambalo wale wa kwanza hawana: huyu mdogo tuliye naye, twende naye au tumwache kwa bibi yake?

Kabla ya kulijibu, inafaa tufahamu kinachofuatwa huko. Uislamu haukukubali desturi ya kumchukua mtoto wa mtu na kumgeuza nasaba akawa kana kwamba umemzaa. Zayd bin Haritha (r.a.) alilelewa na Mtume (s.a.w.), na watu wakawa wakimwita Zayd bin Muhammad. Ziliposhuka aya ya 4 na ya 5 za Suratul Ahzab, akarudishiwa jina la baba yake. Heshima yake haikupungua. Ndiye Sahaba pekee aliyetajwa kwa jina lake ndani ya Qur'ani. Kilichokatazwa ni kughushi nasaba. Ama kulea, kulisha, kusomesha na kupenda, hayo yamehimizwa mno, na malipo yake ni ukaribu na Mtume (s.a.w.) Peponi. Malezi ya namna hiyo ndiyo kafala, na hata Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 umeitaja kafala kwa jina katika kifungu cha 20.

Pakistan haina sheria ya kuasili mtoto. Anayetaka kulea huomba mahakamani ulezi wa kisheria chini ya sheria ya walezi ya mwaka 1890, iliyobaki tangu enzi za ukoloni wa Mwingereza. Miongoni mwa milango inayojulikana sana ni Taasisi ya Edhi, kazi ya marehemu Abdul Sattar Edhi, aliyefariki Julai 2016, na mkewe Bilquis, aliyefariki Aprili 2022. Nje ya vituo vyao huwekwa susu, vile vitanda vya kubembeleza vichanga, ili mzazi aliyeelemewa amlaze mtoto humo badala ya kumtupa jalalani. Mwenye kuleta haulizwi jina wala sababu. Ndiyo maana wengi wa watoto hao hawana wazazi wanaojulikana.

Hapo ndipo subira ya familia inapoanza kupimwa. Baada ya kukabidhiwa mtoto hufuata amri ya mahakama, cheti cha kuzaliwa, pasipoti, kisha viza ya nchi wanakoishi walezi, na kwa wanaokwenda Marekani, uchunguzi wa afya kwa daktari anayekubaliwa na ubalozi. Kila hatua hungoja iliyotangulia. Tena milango hufungwa bila kutazamiwa. Kanada ilisitisha kupokea maombi ya watoto kutoka Pakistan Julai 2013, kwa hoja kwamba kafala na uasili wa kisheria ni mambo mawili tofauti. Morocco, yenye sheria yake ya kafala ya mwaka 2002, ilitoa waraka mwaka 2012 uliowazuia wageni wasioishi nchini humo. Kwa hiyo tunawanasihi wanaokusudia: ulizeni sheria za nchi zote mbili, ile mtokayo na ile mwendayo, kabla ya kukata tikiti, na kabla ya kumtajia mtoto wenu habari za ndugu ajaye. Mtu mzima akivunjika moyo hujua kumshitakia Mola wake; mtoto wa miaka minne hudhani ni yeye aliyekosa.

Sasa tulijibu swali. Rai yetu ni kwamba, hali ikiruhusu, mtoto aende na wazazi wake. Tunasema hivyo kwa sababu mbili. Kwanza, safari hii haina tarehe ya kurudi iliyo ya yakini. Mtoto aliyeachwa kwa majuma mengi, kisha akawaona wazazi wakirejea na mwingine mikononi, atafahamu jambo moja tu: niliachwa, na huyu ndiye aliyefuatwa. Pili, akiwapo siku ya kukabidhiwa, naye atakuwa miongoni mwa waliompokea. Atakuwa na habari yake mwenyewe ya kumsimulia nduguye watakapokua: nilikuwapo, nilikushika mguu, ulikuwa ukilia.

Lakini hali isiporuhusu, wazazi wasione haya kuamua vinginevyo. Mtoto mwenye maradhi ya kifua au anayehitaji matibabu ya kila mara ana haki yake pia. Huweza mzazi mmoja kutangulia kushughulikia mahakama, na mwingine akafuata na mtoto karatasi zikikaribia kukamilika, ikiwa mahakama haikuwataka wote wawili tangu mwanzo.

Wanaokwenda naye wajiandae. Joto la Karachi katika Mei na Juni si la kuchezewa. Juni 2015, ndani ya Ramadhani, liliua zaidi ya watu elfu moja. Anayeweza kuchagua, achague miezi ya baridi. Pakistan ni miongoni mwa nchi chache ambako polio haijatokomezwa, na tangu 2014 Shirika la Afya Duniani limetaka wageni wanaokaa huko zaidi ya wiki nne wawe wamepata chanjo na cheti chake kabla ya kutoka. Basi chanjo za mtoto zikamilishwe mapema. Pangeni nyumba yenye jiko badala ya hoteli, ili ale alichokizoea. Na siku za mahakamani asikokotwe kutoka ofisi hadi ofisi. Abaki na jamaa anayemjua.

Lililo zito kuliko chanjo na tikiti ni maneno atakayoambiwa. Wapo wanaomwambia mtoto, "Tunakwenda kukununulia mdogo wako." Neno hilo ni baya. Mtoto hanunuliwi, na mwenye kuamini kwamba ndugu yake alinunuliwa, siku moja ya ugomvi atamwambia hivyo usoni. Wapo pia wanaokusudia kuficha kabisa, wakitaraji huyu mkubwa atasahau. Hatasahau, na tutakuwa tumemfunza kuubeba uongo wetu.

Aambiwe kweli, kwa kipimo cha umri wake: kuna mtoto ambaye aliyemzaa hakuweza kumlea, Allah ametujaalia sisi tumlee, hakutoka tumboni mwa mama, lakini atakula pamoja nasi, atalala pamoja nasi, na wewe utakuwa mkubwa wake. Akiuliza, "Na mimi mtanipa kwa watu?" asichekwe. Hilo ndilo swali lake la kweli, na ajibiwe kila atakaporudia. Akionesha wivu, akarudi kukojoa kitandani au kutaka chupa, asiaibishwe mbele ya wageni.

Liko jambo la fiqhi ambalo familia yenye mtoto mdogo yafaa ilijue. Mama anapokuwa bado ananyonyesha, akimnyonyesha na huyu mchanga kabla hajatimiza miaka miwili, mchanga huwa mtoto wao wa ziwa: mama ni mama yake, mume ambaye maziwa yametokana na uzazi wake ni baba yake, na yule mdogo wa nyumbani ni ndugu yake. Umahramu hupatikana, na taabu ya hijabu ndani ya nyumba wanapobaleghe huondoka. Katika madhehebu ya Shafi ni kunyonya mara tano zilizo kamili. Kwa Hanafi, walio wengi Pakistan, hata kidogo hutosha. Asiyekuwa na maziwa aulize wanazuoni kuhusu dada zake na dada za mume, na aulize mapema, kwa kuwa miaka miwili hupita upesi.

Radhaa haileti mirathi, wala kafala hailetі. Anayetaka kumwachia chochote ampe hibа akiwa hai, au amuusie ndani ya theluthi ya mali yake. Na nchi nyingi za Magharibi, uasili unapokamilishwa, hutoa cheti kipya chenye majina ya walezi kana kwamba ndio waliozaa. Basi karatasi za mwanzo zihifadhiwe, zisichanwe. Hizo ni amana ya mtoto, na ipo siku ataziomba.

Kwetu Afrika Mashariki mlango huu uko karibu zaidi. Zanzibar imeiweka kafala katika Sheria ya Mtoto ya mwaka 2011, na Kenya katika sheria yake ya watoto ya mwaka 2022. Mwenye nia hana haja ya kuvuka bahari. Yatima wako mitaani mwetu. Ila yote tuliyoyasema kuhusu yule mdogo wa nyumbani ni yale yale, hata kama mchanga anatoka nyumba ya tatu. Mgeni huyu anaingia katika nyumba ya mtoto mwingine, na huyo mwingine naye yafaa abishiwe hodi.

Tunamwomba Allah (s.w.) awajaalie wenye kulea ikhlasi na subira, na awajaalie watoto wetu wapendane, wa kuzaa na wa kulea. Wallahu a'lam. Tukutane juma lijalo, inshaallah.