Baharini Mteja Si Mfalme

Ilikuwa Julai, upepo wa kusi umechachamaa, na boti yetu ilikuwa imeshaipita ncha ya Nungwi kuelekea kisiwa cha Mnemba. Wageni tisa, mabaharia wanne, mitungi ya hewa 22. Nahodha wetu, mtu mzima aliyeshika usukani wa ngalawa kabla mimi sijazaliwa, aliyatazama mawimbi yalivyokuwa yakivunjika mbele, akawatazama wageni mmoja mmoja, kisha akageuza omo kurudi tulikotoka. Mgeni mmoja akasimama akamfokea mbele yetu sote: amelipa dola zake, na leo lazima azamie. Nahodha hakupandisha sauti. Aliniambia, "Mwambie pesa yake imepokewa ofisini. Bahari haikupokea kitu."

Tulifika pwani salama, wageni wakarudishiwa fedha zao. Mwisho wa mwezi, mwenye boti akamkata nahodha mshahara wa siku tatu.

Niliifanya kazi ya kuongoza wazamiaji kwa miaka kumi na moja, na kisa kile hakijanitoka. Mgeni yule simlaumu sana, kwani alitoka mbali na bahari yetu hakuijua. Ninayemlaumu ni mwenye boti, ambaye ni mzaliwa wa hapa hapa, aliyeona heri boti ijazwe maji kuliko mteja aondoke amenuna. Ule msemo wa kwamba mteja ni mfalme ameutoa dukani na kuupakia botini, na wenzake wengi kuanzia Kendwa hadi Paje, na ng'ambo huko Mafia na Watamu, wanafanya vivyo hivyo. Msemo huo ubaki dukani. Chombo kikishang'oa nanga, mwenye amri ni mmoja, na amri yake haina bei.

Kijiji cha Nungwi ndicho kingepaswa kuwa cha mwisho kufundishwa somo hili. Usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, MV Spice Islander ilizama katika mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba, imebeba watu na mizigo kupita uwezo wake. Asubuhi ile vijiji vya kaskazini vilishinda ufukweni vikipokea waliookoka na waliokufa. Tangu siku hiyo, nahodha yeyote wa pande hizi anaposema chombo kimejaa, au leo hatuendi, hastahili kubembelezwa wala kutishwa. Hata hivyo nimeona, kwa macho yangu, karani wa ofisi akiongeza wageni wawili ufukweni dakika ya mwisho na kumwambia nahodha, "Mzee, wapakie tu, hawana uzito." Hawana uzito! Kila mmoja ana mitungi yake miwili, mkanda wake wa risasi za kumzamisha na begi la vifaa alilolivuta kutoka Ulaya.

Na kwa kuwa nimeutaja uzito, nitakaa hapo kidogo, maana ni jambo ambalo mgeni halioni. Mtungi wa alumini wa kawaida, ukiwa mtupu, una karibu kilo 15 pamoja na vali yake. Ukishindiliwa hewa hadi baa 200 huongezeka kilo mbili na ushee, kwa sababu hewa nayo ina uzito. Mitungi 22 ni zaidi ya kilo 350. Mizigo hiyo hufika botini kwa mabega ya vijana, kabla mgeni hajamaliza chai yake. Upande wa mashariki wa Unguja, Matemwe kwa mfano, wakati wa bamvua maji hupwa hadi kule kwenye mwamba, na boti husubiri mbali. Baharia huvuka uwanda ule wa majani na mawe makali, mtungi begani na mwingine mkononi, akikwepa miiba. Atakwenda na kurudi mara tano, mara sita. Jioni huirudisha yote kwenye kompresa.

Mtu huyo ndiye ambaye mgeni ataketi naye botini saa tatu nzima bila kumsalimia. Nimewaona Watanzania wenzetu pia, waliokuja na leseni mpya ya kuzamia na kamera ya bei mbaya, wakimwita mtu wa umri wa baba yao "wewe kijana wa boti". Sisi tuliolelewa na shikamoo tumeisahau wapi? Sitaki kusikia kwamba kwa kuwa watalii hawaamkii, basi nasi tumeruhusiwa kuacha.

Adabu ya botini kwanza ni usalama. Mtungi hauachwi umesimama peke yake sitahani. Ukimaliza kuufungia vifaa, ulaze au ufunge, kwa sababu wimbi moja likipiga utamvunja mtu mguu. Hurudi majini wala husogei tezi mpaka nahodha aseme gia imetolewa na propela imesimama. Mwenzako anapopanda ngazi na mtungi mgongoni, usikae chini yake. Mkanda ukifunguka, utakaopokea uzito ule ni uso wako. Ndoo ya maji matamu ya kamera haioshewi miwani iliyotemewa mate. Kuna sehemu kavu na sehemu ya majimaji, na vazi lako linalochuruzika halina kazi kwenye kiti cha nahodha. Ukiwa chini, mikono yako iweke kifuani: tumbawe unalolishika ili upige picha limechukua miaka mingi kufika ukubwa huo, na vijana wa pwani hii watalihitaji wewe ukiwa umeshasahau safari yako.

Lakini katika yote hayo, lipo moja ambalo likivunjwa mimi hushindwa kujizuia. Ni kuhesabiwa.

Jina lako likiitwa, itika wewe. Usimwitikie rafiki yako kwa sababu eti umemwona yuko nyuma pale anakunywa maji. Januari 1998, huko Queensland, Australia, wanandoa wawili wa Kimarekani, Tom na Eileen Lonergan, walizamia kwenye mwamba mkubwa wa matumbawe pamoja na kundi la wageni wa boti moja. Boti ikarudi bandarini bila wao, na hakuna aliyeng'amua. Siku mbili zilipita ndipo begi lao lilipoonekana limebaki botini na watu wakashtuka. Hawakupatikana hadi leo. Fikiria wawili hao, wanaibuka juu ya maji, wanageuza shingo huku na huku, hakuna chombo.

Mimi nimelionja hilo kwa dakika nne tu. Mgeni alimwitikia mwenzake, karatasi ikawekwa alama, injini ikawashwa. Nahodha akasema tungoje, ahesabu vichwa mwenyewe. Walipungua mmoja. Tulimwona mbali upande wa mkondo, anapunga mkono, na sauti yake haikuwa ikitufikia. Wageni wengine, nakumbuka vizuri, walikuwa wameshaanza kulalamika kwamba chakula cha mchana kinachelewa. Tangu siku hiyo mtu akininung'unikia kwa kuhesabiwa mara mbili, nilimhesabu mara ya tatu.

Sasa nije kwenye damu. Mtu akiwa mita 30 chini, anavuta hewa kwa mgandamizo mara nne ya huku juu, na naitrojeni huyeyuka mwilini mwake. Ili itoke salama apande polepole, mita tisa kwa dakika au chini ya hapo, na asimame dakika tatu kwenye mita tano. Akikimbilia juu, naitrojeni hiyo hugeuka mapovu ndani ya viungo na uti wa mgongo. Mfaransa Paul Bert alilieleza hili mwaka 1878, kwa hiyo hakuna mwenye boti anayeweza kudai kwamba ni habari mpya. Ndege nayo ni kama kupanda zaidi: hewa ya ndani yake huwa nyepesi. Ndiyo maana mwongozo unaofuatwa na wazamiaji unasema usubiri angalau saa 12 baada ya mzamo mmoja kabla ya kuruka, na saa 18 ukiwa umezamia mara kadhaa.

Ofisi zetu zinaujua mwongozo huo, zimeubandika ukutani. Kisha anakuja mgeni mwenye ndege ya saa tatu usiku, anataka mzamo wa mwisho wa asubuhi, anaweka dola mezani, na karani anaandika jina lake. Kiongozi wa wazamiaji akikataa anaambiwa anaharibu biashara. Asubuhi hadi usiku huo hazifiki saa 18, wala hakuna anayezihesabu.

Na je, damu ya kiongozi mwenyewe? Mgeni anazamia siku tatu, amevaa kompyuta mkononi inayompigia mahesabu ya kila dakika. Kiongozi wake huzamia mara mbili, tatu kwa siku, siku sita kwa wiki, msimu mzima, na wengi niliofanya nao kazi hawakuwa na kompyuta ya kwao. Wanapanda wakiitazama ya mgeni. Akipaa juu ghafla mgeni aliyepoteza mkanda wa risasi, ni yeye anayemfuata; nanga ikinasa, ni yeye anayerudi chini kuinasua. Pwani hii ina vijana waliozamia majongoo ya bahari kwa mitungi wakarudi na miguu isiyosikia kitu, na kila kijiji kinajua mmoja. Kompyuta ya kuzamia haifiki bei ya injini moja ya boti. Nunueni.

Kuhusu mizigo ya safari sitasema mengi. Ndege ndogo za kwenda Mafia mara nyingi hukubali kilo 15, katika begi laini, na rubani anayeupima uzito wako hakufanyii uonevu. Beba miwani yako, reguleta yako na kompyuta yako. Risasi acha kwenu, kila kituo kinazo. Betri za akiba za taa na kamera zikae nawe ndani ya ndege, ncha zake zimezibwa, wala zisitiwe kwenye begi la chini. Hiyo ni kanuni ya usafiri wa anga, na sababu yake ni moto.

Moto huo huo ndio ninaouogopa kwenye boti za kulala. Septemba 2, 2019, boti ya wazamiaji iitwayo Conception iliwaka usiku ikiwa imetia nanga kando ya kisiwa cha Santa Cruz, California. Watu 34 waliolala chumba cha chini, wageni 33 na baharia mmoja, walikufa wote. Chanzo hakikuthibitishwa, lakini ukumbini juu yao simu, kamera na taa zilikuwa zimeachwa kwenye umeme zikichajiwa. Kilichothibitishwa ni kwamba hapakuwa na mtu wa zamu aliyekuwa macho. Nahodha alishtakiwa, na mwaka 2024 akahukumiwa kifungo cha miaka minne.

Wenye boti, lisomeni hilo la mwisho tena. Sheria ilipofika haikumtafuta mgeni aliyechomeka chaja. Ilimtafuta nahodha, kwa haki kabisa, kwa sababu uhai wa wote ulikuwa mikononi mwake. Basi ikiwa yeye ndiye atakayekwenda jela, kwa nini asiwe yeye atakayesema hatuendi? Mnampa lawama ya nahodha na amri ya mpagazi. Mnamlipa kidogo mkitegemea mgeni atamwongezea bakshishi, halafu mnashangaa anaposita kumkatalia mgeni. Mtu ambaye ada ya shule ya wanawe imo mfukoni mwa mteja atawezaje kumwambia mteja huyo akae chini? Bakshishi ni shukrani, ije juu ya mshahara unaotosha. Ikigeuka kuwa mshahara, mmeuza usukani.

Ninachotaka kiandikwe kwenye karatasi ile ile ambayo mgeni hutia saini kabla ya kupewa mapezi: kwamba nahodha akigeuza boti kwa sababu ya bahari, mgeni hatamdai kitu, na mwenye boti hatakata senti ya baharia yeyote. Kiandikwe kwa Kiswahili juu na lugha za wageni chini, kisomwe kwa sauti ufukweni, mabaharia wakisikia. Haihitaji bunge wala wafadhili. Inahitaji mwenye boti mmoja wa kuanza.

Na yule wa kwetu, ambaye anajijua, aanze na deni la zamani. Nahodha bado yupo Nungwi, sasa anashona nyavu, magoti hayampandishi tena ngazi. Zile siku tatu za Julai hakuwahi kurudishiwa. Apelekewe.