Gari la safari lisimeze fedha za korosho

Minada ya korosho inapofunguliwa mwishoni mwa mwaka, madalali wa magari jijini Dar es Salaam huanza kukumbuka namba za simu za Kisarawe. Hawakosei. Mkulima wa Msimbu aliyelipwa mauzo yake, au mfanyabiashara wa mihogo aliyefunga mwaka na faida, huwa na fedha mkononi katika majuma yaleyale ambayo watoto wamefunga shule. Hapo huzaliwa wazo la kununua gari lililotumika, la watu saba au wanane, ambalo viti vyake hulazwa yakawa malalo, ili familia ifike Mikumi au Lushoto bila kulipia nyumba ya wageni.

Wazo si baya. Ubaya ni kwamba mnunuzi huchagua gari kwa ajili ya wiki mbili za safari na kuzisahau wiki hamsini zinazobaki.

Mfano mzuri ni Mazda Bongo Friendee, gari lililotengenezwa Japani kuanzia 1995 hadi 2005. Baadhi yake yana paa linaloinuka kwa umeme, na juu wakalala watu wawili. Huko Uingereza, ambako nako huendeshwa upande wa kushoto wa barabara, yaliingizwa kwa wingi na kugeuzwa magari ya kulala safarini. Kwa mtu mwenye watoto, paa lile ni kishawishi kikubwa. Lakini injini yake ya dizeli ya cc 2,499 haisamehe maji yakipungua: kichwa cha injini kikipasuka, safari imekwisha. Na mota ya kuinulia paa itafutwe wapi? Dalali haulizwi swali hilo, naye hajitolei kulijibu.

Toyota Noah ya zamani, yenye injini ya petroli ya cc 1,998, haina paa la kuinuka. Watoto watalala ndani na wakubwa watafunga hema nje. Hata hivyo fundi wa Kisarawe anaijua, spea zake zipo Kariakoo na Ilala, mpya na za kutumika, na siku familia ikichoka nayo mnunuzi hakosekani. Kwa mwenye mtaji mdogo, gari linalouzika upesi ni akiba. Lisilouzika ni fedha iliyoegeshwa chini ya mwembe.

Jambo jingine ni namba. Sokoni gari la "namba E" huitishwa bei ya juu kuliko la "namba D", kana kwamba herufi ndiyo umri. Herufi huonyesha tu lini gari liliandikishwa nchini. Noah ya mwaka 2000 inaweza kuwa na namba mpya kabisa. Umri uangaliwe kwenye kadi ya gari na ulinganishwe na namba ya chesesi. Karatasi ya mnada wa Japani ikiwapo iombwe pia, maana daraja la R humaanisha gari lilipata ajali likatengenezwa, na kilomita zilizoandikwa pale zinaweza kutofautiana na zinazosomeka kwenye dashibodi.

Anayeagiza mwenyewe apitie kwanza kikokotoo cha TRA. Juu ya ushuru wa forodha na VAT, gari la abiria lililozidi miaka 10 tangu kutengenezwa huongezewa ushuru wa bidhaa kwa sababu ya uzee wake, na Friendee zote sasa zimepita umri huo. Bei ya mtandaoni inayoonekana kama zawadi hubadilika sura ikifika bandarini.

Kuna na swali ambalo wauzaji wasingependa liulizwe: je, gari lenyewe linahitajika? Treni ya SGR ilipoanza kwenda Dodoma Julai 2024, nauli ya daraja la kawaida kutoka Dar es Salaam ilikuwa Sh 31,000 kwa mtu mzima na nusu yake kwa mtoto. Baba, mama na watoto wanne kwa hesabu hiyo ni Sh 248,000 kwenda na kurudi, na watu wa Msimbu wana kituo jirani pale Pugu. Fedha hiyo huenda isitoshe hata kununulia gari matairi manne mazuri.

Gari lina maana pale litakapofanya kazi baada ya likizo: kupeleka mihogo sokoni, kuhudumia duka, au kukodishwa kwa harusi. Likibeba abiria kwa nauli, leseni ya LATRA na bima ya biashara ziingizwe kwenye hesabu kabla ya malipo.

Aliyekwisha kuamua kununua hana sababu ya kwenda yadi mwezi Desemba, akiwa na bahasha iliyojaa na watoto wakimvuta shati. Mwishoni mwa Januari, ada za shule zikishawabana wengine, huyo mwenye fedha ndiye atakayetaja bei, tena baada ya fundi wake mwenyewe kulala chini ya gari na kulikagua.