Kumbukumbu za Mtoto Zisilale Mahali Pamoja

Kazi ya mwalimu wa shule ya msingi haiishi kengele inapolia. Baada ya vipindi kuna alama za kujumlisha, mahudhurio ya kuhesabu na azimio la kazi la kupanga. Siku hizi mengi ya hayo huandikwa katika kompyuta, mara nyingi ile ya mwalimu mwenyewe nyumbani. Jambo hilo ni jema, lakini lina hatari yake. Daftari likilowa, hupotea kurasa chache. Diski ya kompyuta ikifa, kumbukumbu za miaka mingi huondoka kwa mara moja.

Tujiulize nini hufuata. Muhula umekwisha, mzazi anangoja taarifa ya maendeleo ya mtoto, na alama hazipo. Mwalimu aliyebanwa hushawishika kuzibuni. Hapo mtoto aliyejitahidi hunyang'anywa haki yake, na aliye dhaifu hufichwa asipate msaada. Kwa hiyo ni rai yangu kwamba kutunza nakala si kazi ya mafundi peke yao. Ni sehemu ya tathmini, na tathmini ni sehemu ya kufundisha.

Kanuni wanayoifuata mafundi ni nyepesi kukumbuka: nakala 3, katika vyombo vya aina 2, na 1 kati yake ikae mbali. Tuitazame kwa macho ya mwalimu wa Muze. Muze iko katika bonde la Ziwa Rukwa, chini ya milima ya Lyamba lya Mfipa. Joto la huko ni kali kuliko la Sumbawanga mjini, ulioko juu ya uwanda wa Ufipa, takriban mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Flashi hutunza maandishi kwa chaji ndogo sana za umeme. Chaji hizo huvuja polepole, na joto huharakisha uvujaji. Flashi iliyosahauliwa kabatini miaka mingi si amana ya kutegemewa.

Basi nakala ya kwanza iwe katika kompyuta. Ya pili iwe katika diski ya nje, ichomekwe wakati wa kunakili tu, ili virusi au hitilafu ya umeme isiharibu zote mbili. Ya tatu ipande mlima: itunzwe Sumbawanga na mtu mwaminifu, au ipelekwe kwenye hifadhi ya intaneti mtandao unapopatikana. Moto au mwizi atakayeifikia nyumba ya Muze hataifikia nakala hiyo. Na kwa kuwa ina majina ya watoto, ifungwe kwa neno la siri; Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 haimsamehi mzembe.

Yako makosa mawili ya kuepuka. La kwanza ni kudhani kwamba faili linalojilinganisha lenyewe kati ya simu na kompyuta ni nakala mbili. Ukilifuta huku, hufutika na kule. La pili ni kutojaribu. Kila mwisho wa mwezi fungua nakala yako katika kompyuta nyingine, ulinganishe alama za wanafunzi watatu au wanne na zile za asili. Nakala isiyofunguka ni sawa na ghala lililofungwa bila nafaka ndani.

Wapo watakaosema kwamba mwalimu wa kijijini hana fedha za diski. Hoja hiyo ina uzito, lakini kanuni haidai mitambo. Karatasi nayo ni chombo cha aina nyingine. Jumla ya alama za muhula, ikiandikwa kwa wino na kuwekwa katika ofisi ya mwalimu mkuu, haihitaji umeme wala haiogopi virusi.

Napendekeza basi kwamba wakati wa mazoezi ya kufundisha, mkufunzi akikagua andalio la somo la mwanachuo, amwombe pia amwonyeshe nakala ya pili ya alama za darasa lake, na aifungue mbele yake.