Boti Iwepo Kabla ya Ndege Kutua

Asubuhi ya Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ilitumbukia katika Ziwa Victoria ikijaribu kutua Bukoba. Kati ya watu 43 waliokuwamo, 19 walifariki. Ilielezwa kuwa hali ya hewa ilikuwa mbaya, nasi hatubishi.

Hata hivyo, kisa cha ndege kuanguka ni kimoja, na kisa cha abiria kufa majini ni kingine. Wa kwanza kuwafikia walikuwa wavuvi, tena kwa mitumbwi na makasia. Ripoti ya awali ya wachunguzi ilieleza kuwa boti ya uokoaji ilichelewa, na kwamba mafuta na oksijeni ya wazamiaji havikutosha. Na hapo uwanja unaonekana kwa macho!

Sisi wa Lulindi hatuna ziwa, lakini mgonjwa wetu anayekwenda Dar es Salaam kwa ndege hupandia Mtwara, mji wa pwani. Ndugu zetu wa Mafia na Unguja wamezungukwa na maji pande zote. Kwa hiyo tunawauliza viongozi wanaohusika: katika kila kiwanja kilicho kando ya maji, boti iko wapi, ina mafuta kiasi gani, na leo nani yuko zamu?